Kiungulia kisichoisha: dawa ya majaribio, kamera, mrija wa pH ama kipimo cha maikroRNA?

Watu wengi wenye kiungulia hapa Uganda wanafika mahali wanakwama. Umetafuna vidonge vya magneziamu mpaka umechoka, kila mtu mtaani anakuambia hiyo ni ulsa, famasi wanakuuzia omeprazole za siku tano zinaisha unarudi tena, halafu mtu anakutumia habari kwenye WhatsApp kwamba kuna kipimo kipya kinachosoma vitu vinaitwa maikroRNA kwenye damu, na kwamba kinaweza kujua kama asidi inapanda bila mtu kukuingiza mrija kooni. Sasa unajiuliza, nisubiri hicho, ama niende kwa kamera ya tumbo, ama niendelee tu na dawa?

Swali hilo naliheshimu sana kwa sababu kukaa na moto kifuani kila usiku si jambo dogo, na pesa ya vipimo pia si ndogo. Kwa hiyo nimeweka njia nne pamoja: dawa ya majaribio, endoskopi yaani kamera, mrija wa kupima pH yaani kiwango cha asidi, na maikroRNA. Ugonjwa wenyewe ninaousema ni ule wa asidi ya tumbo kurudi juu kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, kwa sababu ule msuli wa chini ya umio unaofunga njia umelegea ama unafunguka wakati si wake, hospitali wanauita GERD, wengine wanasema tu reflaksi. Ulsa ni kitu kingine, hiyo ni kidonda kwenye tumbo ama mwanzo wa utumbo, na hapa kwetu mara nyingi bakteria H. pylori ndio chanzo chake. Dalili zinaingiliana, ndio maana watu wanatibiwa moja huku wana nyingine.

Vigezo kwanza

Ukilinganisha vipimo bila kujua unatafuta nini utaishia kuchagua kile kipya ama kile cha bei rahisi. Mimi naangalia mambo matano: kipimo kinajibu swali gani hasa, mwili unapitia nini, kinakosea wapi, kinapatikana hapa na kwa gharama gani, halafu majibu yake yanabadilisha nini kwenye matibabu. Hilo la tano naliweka juu ya yote, manake kuna vipimo unaweza kulipia na majibu yakija, mazuri ama mabaya, musawo, yaani daktari, akakuandikia dawa ileile.

Kinajibu swali gani

Dawa ya majaribio inauliza swali moja, je nikipunguza asidi, huyu mtu anapona? Unapewa omeprazole ama ndugu zake, kawaida miligramu 20 mara moja kwa siku, nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai ya asubuhi, kwa wiki 8, halafu mnakaa mnaangalia hali.

Kamera inauliza kama umio umeumia. Daktari anaangalia kwa macho kama kuna michubuko, njia imebanwa, kuna uvimbe, ama ngozi ya ndani ya umio imebadilika rangi na kuwa kile kinaitwa umio wa Barrett. Michubuko anaipa daraja A, B, C ama D kwa mfumo wa Los Angeles, A ikiwa ndogo na D mbaya zaidi. Na kwa kamera hiyohiyo anaangalia tumbo pia, kwa hiyo ulsa kama ipo inaonekana, na anaweza kuchukua kinyama cha kupima H. pylori.

Mrija wa pH unauliza kama asidi inapanda kweli, na kwa asilimia ngapi ya siku. Hicho ndicho kipimo kinachogusa ugonjwa wenyewe moja kwa moja, vingine vyote vinaangalia madhara yake ama vinakisia.

MaikroRNA sasa, hapa inabidi nikae kidogo kwa sababu ndipo watu wanachanganywa. Ndani ya seli, jeni inatuma ujumbe, unaoandikwa kwa RNA, ili protini fulani itengenezwe. MaikroRNA ni kipande kifupi sana, herufi kama 22 tu, kinachojishika kwenye ule ujumbe na kuuzima ama kuupunguza nguvu. Ya kwanza iligunduliwa kwenye mnyoo mdogo sana unaoitwa C. elegans, kazi ya Victor Ambros na Gary Ruvkun iliyochapishwa 1993, na hao wawili ndio waliopewa Nobel ya tiba mwaka 2024. Binadamu tuna jeni za maikroRNA zaidi ya elfu moja. Kilichowapa watafiti hamu ya kuzitumia kama alama za ugonjwa ni kwamba 2008 ilionekana zinazunguka kwenye damu zikiwa nzima, haziharibiki haraka kama RNA nyingine, maana zimefungwa kwenye vifuko vidogo ama zimeshikana na protini zinazozilinda.

Kwenye umio habari yake iko hivi. Seli za umio wa kawaida ni bapa, zimepangana tabaka juu ya tabaka, na zina miR-203 na miR-205 kwa wingi. Asidi na nyongo zikizichoma miaka na miaka, kwa watu wengine seli hizo zinabadilika zinaanza kufanana na seli za utumbo, huo ndio umio wa Barrett, na ukipima kinyama cha hapo unakuta miR-203 na miR-205 zimeshuka, huku miR-192, miR-194 na miR-215 ambazo ni za seli za aina ya utumbo zimepanda, na miR-143 na miR-145 nazo zinapanda. Mantiki yake inaeleweka kabisa. Lakini angalia vizuri swali linalojibiwa hapo: je seli zimegeuka? Mtu anaweza kuwa na reflaksi inayomnyima usingizi kila siku na seli zake hazijageuka, na hao ndio wengi. Kwa hiyo maikroRNA ina nguvu zaidi kutofautisha Barrett na umio wa kawaida, na ina nguvu ndogo kusema huyu ana reflaksi ya kawaida na huyu hana.

Mwili unapitia nini

Dawa ni kumeza tu, shida yake ni uvumilivu. Watu wanaimeza baada ya kula, ama siku zile tu moto umewaka, halafu wanasema haifanyi kazi. Ile dawa inazima pampu za asidi zinazoamka wakati unakula, kwa hiyo lazima iwe imeshaingia kwenye damu kabla chakula hakijafika.

Kamera inaogopewa kuliko inavyostahili. Huli tangu usiku, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni ama wanakupa sindano ya kukulegeza, na mara nyingi kazi yenyewe ni dakika chache. Ukipewa ya kukulegeza uje na mtu wa kukurudisha, usipande boda peke yako.

Mrija wa pH ni mwembamba, unapitia puani mpaka chini ya umio, unakaa nao saa 24 na kimashine kiunoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia kiungulia. Kuna pia kapsuli isiyo na waya inayobandikwa kwenye umio kwa msaada wa kamera, inarekodi siku 2 mpaka 4 halafu inaanguka yenyewe na kutoka na choo.

MaikroRNA inategemea wanachukua wapi. Ikiwa ni damu ama mate, hakuna rahisi kama hiyo. Ila zile alama zenye nguvu nilizozitaja zilipatikana kwenye kinyama kinachokatwa wakati wa kamera, kwa hiyo kamera hujaikwepa. Katikati kuna njia ya sponji, unameza kapsuli yenye uzi, inayeyuka tumboni, sponji inatanuka, wanaivuta juu ikikwangua seli za umio njiani. Uingereza wameifanyia utafiti mkubwa kwa kutafuta Barrett, na maikroRNA zimejaribiwa pia kwenye seli za sponji hiyo. Hii ndiyo njia ninayoitazama kwa matumaini zaidi kuliko damu, kwa sababu unapima seli zilezile zilizochomwa.

Kinakosea wapi

Dawa ya majaribio inadanganya kuliko watu wanavyodhani. Tafiti zilipounganishwa na kulinganishwa na mrija wa pH, dawa ilitambua kama watu 78 kwa kila 100 wenye reflaksi, sawa, lakini kwa kila 100 wasio nayo ilitoa nje 54 tu. Wengine 46 walipata nafuu wakaonekana wana reflaksi wakati hawana. Ulsa inapoa na omeprazole, tumbo linalouma bila sababu kuonekana nalo linaweza kupoa, kwa hiyo kupona si ushahidi wa kutosha.

Kamera inakosea upande mwingine. Watu wengi wenye reflaksi umio wao unaonekana safi kabisa, kwa hiyo ukiambiwa “hakuna kitu” usichukulie kwamba unajifanya mgonjwa. Na daraja A peke yake halitoshi kusema una reflaksi maana linaonekana hata kwa watu wasio na dalili, wataalamu kwenye makubaliano ya Lyon yaliyochapishwa upya 2024 wanakubali kuanzia B kwenda juu, ama Barrett, ama umio uliobanwa na makovu ya asidi. Jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, kama unakula omeprazole mpaka siku ya kamera, michubuko inakuwa imeshapona na daktari haoni kitu, inashauriwa kuiacha wiki 2 mpaka 4 kabla. Uulize daktari wako kwanza kama ni salama kwako kuacha.

Mrija wa pH ndio una mipaka iliyo wazi: asidi ikiwa kwenye umio chini ya asilimia 4 ya muda hiyo ni kawaida, zaidi ya 6 ni reflaksi, katikati ni eneo la mashaka linalohitaji ushahidi mwingine. Udhaifu wake ni kwamba mtu mwenye mrija puani anaona haya, anabaki nyumbani, anakula uji tu, siku yake inakuwa nzuri kuliko siku zake zote. Kama kawaida yako ni kula rolex, ile chapati ya mayai, saa nne usiku na kulala, siku ya mrija kula hiyo rolex.

MaikroRNA za damu zina matatizo ambayo kwa mazingira yetu ni mazito zaidi. Kwanza, nyingi si za ugonjwa mmoja. MiR-21 kwa mfano inapanda kwenye uvimbe na saratani za aina nyingi, kwa hiyo ikipanda haikuambii inatoka umio. Pili, chembe nyekundu za damu zimejaa miR-451a na miR-16, zikipasuka zinamwaga hizo kwenye sampuli na kuvuruga hesabu, na watafiti wengi wamezoea kutumia miR-16 kama kipimio cha kulinganishia zingine. Sasa fikiria nchi yenye malaria, ambapo vijidudu vinapasua chembe nyekundu, na yenye sikoseli, ambapo utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2016 ulikuta karibu asilimia 13 ya watoto waliopimwa wana chembechembe za kurithi za sikoseli, ingawa wenye ugonjwa wenyewe, ambao ndio chembe zao zinapasuka ovyo, walikuwa chini ya asilimia 1. Kipimo kilichopangiwa mipaka yake kwa watu wa Ulaya wasio na malaria hakiwezi kuletwa hapa kikasomwa vilevile. Tatu, maabara moja inatumia orodha yake ya maikroRNA na nyingine yake, hakuna namba moja iliyokubaliwa kwamba ukivuka hapa una reflaksi.

Na kuna la nne ambalo linaniuma zaidi. Alama hizi zimejengwa kuzunguka Barrett, ambayo ndiyo njia ya saratani ya umio inayoanzia kwenye tezi, ile inayosumbua nchi za Magharibi. Kwetu Afrika Mashariki saratani ya umio iliyo nyingi ni ile ya seli bapa, haipitii Barrett. Mzee wa Busia ambaye posho, yaani ugali, inamkwama akimeza anaweza kupimwa maikroRNA za Barrett akaambiwa yuko sawa, akarudi nyumbani, na uvimbe upo.

Kinapatikana? Na pesa?

Omeprazole iko kila duka la dawa, hata trading center ya kijijini. Kamera iko Mulago na kwenye baadhi ya hospitali kubwa za rufaa, za mission na za binafsi, bei zinatofautiana sana kwa hiyo piga simu ulizia, na uliza kama bei inajumuisha kupima kinyama maabara manake mara nyingi hiyo ni bili nyingine. Kwa mtu wa Arua ama Kisoro ongeza nauli, pa kulala, na mtu wa kukusindikiza. Mrija wa pH hutaukuta kirahisi, inabidi daktari bingwa wa tumbo akuelekeze pa kuupata.

MaikroRNA kwa reflaksi iko kwenye utafiti, basi. Miongozo ya kimataifa ya kutibu reflaksi haiiweki kati ya vipimo vya kumthibitishia mgonjwa. Mashine si kikwazo kikubwa, maikroRNA zinapimwa kwa PCR, teknolojia ileile iliyofanya madereva wa malori wapange foleni Malaba mwaka 2020 kungoja majibu ya korona. Kinachokosekana ni namba za kulinganishia zilizotoka kwa watu wetu. Kwa hiyo mtu akikuuzia “kipimo cha maikroRNA cha ulsa” mjini, muulize anapima maikroRNA zipi, mpaka wa kawaida umetoka wapi, na ulilinganishwa na kamera ama mrija wa pH. Akishindwa kujibu moja kati ya hayo, weka pesa yako mfukoni.

Vilevile kile kipimo cha haraka cha damu cha H. pylori ambacho kliniki nyingi wanapenda, hicho kinaonyesha kinga iliyobaki hata kama bakteria walishakufa zamani, na hata kikiwa chanya hakisemi chochote kuhusu asidi kupanda.

Majibu yanabadilisha nini

Dawa ikifanya kazi kwa wiki 8, mnajaribu kuiacha ama kushuka kwa dozi ndogo inayotosha. Isipofanya kazi mnaenda kwa kamera, hamuongezi tu dozi mwaka mzima. Kamera ikionyesha daraja C ama D unajua utahitaji dawa muda mrefu, ikionyesha Barrett unaingia kwenye ratiba ya kuangaliwa tena, ikionyesha uvimbe kila kitu kinabadilika siku hiyohiyo. Mrija ukisema asidi haipandi, unaacha omeprazole ambayo huenda umeila miaka bila sababu, na mnatafuta chanzo kingine. Majibu ya maikroRNA leo, yakiwa mabaya unapelekwa kamera, yakiwa mazuri na bado una dalili unapelekwa kamera pia. Siku yatakapoweza kumwambia mtu wa Moroto kwamba safari ya Kampala haina haja, na akaamini, hapo yatakuwa yamepata kazi yake, na naitaka sana siku hiyo ifike.

Kwa hali yako

Una kiungulia na asidi inarudi mdomoni, umri bado chini ya miaka 50 hivi, unakula vizuri, hukondi: dawa ya majaribio inakufaa, ila ifanye sawasawa wiki 8, na usilale kabla ya masaa matatu baada ya kula.

Chakula kinakwama, unakonda bila kutaka, unatapika damu, choo cheusi kama lami na hunywi vidonge vya kuongeza damu, ama umeambiwa huna damu ya kutosha: kamera, na iwe haraka. Usipoteze wiki 8 za majaribio wala usisubiri kipimo cha damu cha aina yoyote.

Maumivu ya kifua yanakuja ukipanda mlima ama ukibeba mzigo na yanapoa ukipumzika: moyo uangaliwe kwanza, mambo ya asidi baadaye.

Mwanaume zaidi ya miaka 50 mwenye kiungulia cha miaka mingi, na juu yake kuna unene wa tumbo, sigara, ama ndugu wa damu aliyekuwa na Barrett: kamera hata kama dawa inakutuliza.

Mama mjamzito: kiungulia ni cha kawaida sana na mara nyingi kinaisha baada ya kujifungua, vipimo hivi vyote kwa kawaida havihitajiki, ongea na mkunga kuhusu dawa salama.

Kamera ilikuwa safi, dawa umeila sawasawa, bado unaungua: mrija wa pH ndio wako, hata kama itabidi uufuate mbali. Vilevile kama unafikiria operesheni ya kukaza ule msuli, usikubali kukatwa kabla asidi haijathibitishwa kwa kipimo, isipokuwa kamera ilishaonyesha uharibifu mkubwa.

Na kama umeombwa kuingia kwenye utafiti wa maikroRNA, mimi ningekuambia ingia, kwa sababu zile namba zetu zinazokosekana hazitatoka kwa mtu mwingine. Soma fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, uliza kama utafiti umepitishwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, uliza kama utarudishiwa majibu yako, uwaambie kama umetoka kuugua malaria ama una sikoseli, na uendelee na matibabu yako ya kawaida wakati huohuo.